Tunawaua samaki kwa haraka zetu

Mtu akiingia katika duka la samaki wa mapambo asubuhi akiwa mikono mitupu, si ajabu kumwona akitoka adhuhuri amebeba tangi la kioo, pampu ya hewa, changarawe za rangi na samaki wanane wanaozunguka ndani ya mfuko uliofungwa kwa mpira. Jioni hiyo hiyo tangi hujazwa maji ya mfereji, samaki humiminwa ndani, na watoto wa nyumba hukaa kitako mbele ya kioo kana kwamba wako sinemani. Baada ya wiki mbili tangi lile lile huwa limepandishwa juu ya kabati, kavu, na ndani yake mmetiwa magazeti ya zamani. Samaki wamekwisha kufa wote.

Msomaji mpendwa, mimi nimekuwa mtu huyo, kwa hiyo nisemayo leo siyasemi kwa kuwacheka wengine.

Miaka mitatu iliyopita nilimnunulia kitinda mimba wangu, msichana ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa, tangi la lita 60 na samaki wa dhahabu wanane. Muuzaji alinihakikishia kwamba kazi iliyobaki ni kuwalisha tu. Siku nne za kwanza zilipita kwa furaha. Kila samaki alipewa jina, na majina hayo yakaandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Siku ya tano tuliamka tukawakuta wameelekeza vinywa juu, wakitweta kwenye uso wa maji. Nikadhani wana njaa, nikawaongezea chakula. Siku ya sita maji yaligeuka meupe kama yaliyooshewa mchele, na samaki wawili wakaelea matumbo juu. Hapo nikapandwa na ujuaji. Niliyamwaga maji yote, nikasugua changarawe na chujio kwa sabuni, kisha nikajaza maji mapya moja kwa moja kutoka mferejini. Nilijiona mzazi mwenye bidii. Siku ya kumi na moja samaki wa mwisho alikufa.

Jirani mmoja alisema ni kijicho cha watu. Mwingine akasema samaki wa madukani huuzwa wakiwa wagonjwa tangu huko watokako. Binti yangu hakuyasema hayo. Aliitazama ile karatasi ya majina, akaniuliza, "Baba, sisi tuliwafanyia nini?"

Sikuwa na jibu. Ninaandika makala haya kwa sababu jibu lilikuwepo, tena rahisi mno, na hakuna aliyenipa kabla sijafungua mkoba wangu.

Jibu nililipata Mombasa, nilipokwenda huko kwa arusi ya mpwa wangu. Katika nyumba niliyoalikwa kula chakula cha mchana palikuwa na tangi kubwa la samaki lililong'aa, na mwenye nyumba, mzee aliyekuwa amefuga samaki tangu ujana wake, alipoona nalikazia macho alinikaribisha nisogee. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nami nikamsimulia msiba wetu.

"Mwanangu," akaniuliza, "hayo maji uliyafuga muda gani kabla ya kuwatia samaki?"

Nilicheka nikidhani ananitania. "Kwani maji yanafugwa, mzee?"

"Maji ndiyo yanayofugwa. Samaki ni mgeni tu. Na mgeni haalikwi katika nyumba isiyo na choo."

Kauli hiyo ilinifedhehesha, lakini ndiyo iliyonifungua macho. Baadaye nilisoma vitabu na kuulizia kwa wajuzi, nikagundua kwamba yale ambayo mzee yule aliyasema kwa maneno machache ndiyo sayansi yenyewe.

Samaki, kama kiumbe mwingine yeyote, akila hutoa taka. Sehemu kubwa ya taka yake yenye naitrojeni haitoki kwa njia ya mkojo kama yetu, bali hutoka kupitia kwenye matamvua yake ikiwa amonia. Chakula kilichobaki chini bila kuliwa kikioza, nacho hutoa amonia. Katika mto au ziwa amonia hiyo huchanganyika na maji mengi, ikatumiwa na mimea na vijidudu, isimdhuru mtu. Katika tangi la lita 60 haina pa kwenda. Hubaki pale pale, ikiongezeka siku baada ya siku, ikiunguza matamvua ya samaki aliyeitoa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa methali hiyo si ya mafumbo hata kidogo.

Tangi lililokomaa huwa na ulinzi dhidi ya adui huyu. Ndani ya chujio, juu ya changarawe na kwenye kuta za kioo huishi bakteria wasioonekana kwa macho. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia katika damu ya samaki, ikaiharibu himoglobini isiweze kubeba oksijeni, damu ikageuka rangi ya kahawia, na samaki akakosa pumzi ndani ya maji yenye hewa tele. Ndipo kundi la pili linapoingia kazini, likaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuistahimili kwa kiasi kikubwa zaidi. Nitrati huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila baada ya muda, na mimea ya majini huitumia kama mbolea.

Bakteria hawa ndio choo alichokitaja mzee yule. Nao hawauzwi pamoja na kioo. Tangi jipya likitoka dukani huwa safi, na usafi huo ndio balaa lenyewe, kwa kuwa hamna hata mmoja wa wafanyakazi hawa. Huhitaji wiki nne hadi sita kuzaliana hadi kufikia idadi ya kutosha, na pakiwa na baridi huchelewa zaidi. Samaki wanane wakitiwa siku ya kwanza, amonia hupanda kabla kundi la kwanza halijasimama. Wakinusurika hapo, hupambana na nitriti kabla kundi la pili halijasimama. Ndiyo sababu vifo huja siku chache baada ya furaha, na ndiyo sababu watu wengi huamini kuwa samaki walikuja na maradhi.

Sasa yatazame makosa yangu kwa mwanga huo. Samaki walipotweta nilidhani wana njaa, kumbe matamvua yao yalikuwa yakiungua. Nami kwa kuwalisha zaidi niliongeza sumu. Nilipousugua ule mtambo wote kwa sabuni, niliwaua hata wale bakteria wachache waliokuwa wameanza kujenga maskani, na mabaki ya sabuni yenyewe ni sumu kwa samaki. Nilipojaza maji ya mfereji moja kwa moja niliongeza klorini, dawa ambayo mabaraza yetu ya maji huitia kwa nia njema ili tusiugue kipindupindu na homa ya matumbo, lakini ambayo haibagui kati ya kijidudu cha maradhi, bakteria wa chujio na tamvua la samaki. Kila nililolifanya kwa huruma lilikuwa pigo. Kutenda bila kujua kunaweza kuumiza kuliko kutotenda.

Ajabu ni kwamba ujuzi huu si mpya. Mwaka 1850, Mwingereza Robert Warington alikieleza Chama cha Kemia cha London jinsi alivyowafuga samaki wawili wa dhahabu katika chombo kimoja pamoja na mimea ya majini na konokono waliokula majani yaliyooza, kila kiumbe kikimfaa mwenzake. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 mwanasayansi wa Urusi, Sergei Winogradsky, alikuwa amethibitisha kwamba kugeuzwa kwa amonia kuwa nitrati ni kazi ya bakteria, tena kwa hatua mbili. Utafiti haujakoma tangu hapo. Mwaka 1998 wataalamu nchini Marekani walionyesha kuwa katika matangi ya maji yasiyo ya chumvi hatua ya pili hufanywa na bakteria wa jamii ya Nitrospira, wala si Nitrobacter waliokuwa wakitajwa vitabuni kwa miongo mingi. Na mwaka 2015 ikabainika kuwa wamo Nitrospira wanaoweza kuzifanya hatua zote mbili peke yao. Lakini jambo la msingi halijabadilika kwa zaidi ya miaka 130: maji huandaliwa kwanza, samaki hufuata. Iweje basi sisi tuendelee kuuziana tangi na samaki kwa siku moja kana kwamba hatujasikia?

Naomba nieleze njia iliyo sahihi, kwa sababu lawama bila mwongozo ni kelele tu.

Tangi lisimamishwe mahali pasipopigwa na jua kali, lijazwe maji yaliyokaa katika ndoo wazi kwa siku nzima ili klorini ipeperuke, au yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini iuzwayo madukani. Pampu na chujio viwashwe, visizimwe mchana wala usiku, kwani bakteria tuwatakao huhitaji oksijeni. Kisha wapewe chakula chao: tone la amonia safi isiyo na manukato wala rangi, au chembe ndogo ya chakula cha samaki iachwe ioze humo. Anayefahamiana na mtu mwenye tangi lililokomaa na lisilo na ugonjwa amwombe kipande cha sponji ya chujio lake, akiweke ndani ya chujio jipya. Msaada huo hupunguza muda wa kungoja kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mtu hupewa mbegu badala ya kusubiri upepo umletee.

Baada ya hapo ni kupima. Vipo vifaa vya kupimia amonia, nitriti na nitrati, ambavyo hubadilika rangi vikitiwa maji ya tangi. Kwanza amonia hupanda kisha hushuka. Nitriti hupanda nayo ikashuka. Nitrati huanza kuonekana. Siku ambayo amonia na nitriti zote mbili zinasoma sufuri, na ukiongeza amonia kidogo ikamalizika ndani ya saa 24, siku hiyo nyumba imepata choo. Hapo karibisha wageni, lakini wachache kwanza, wawili au watatu, ili bakteria waongezeke kadiri ya mzigo. Mfuko wao uelee juu ya maji ya tangi kwa muda ili joto lilingane, na maji ya mfukoni yasimiminwe ndani. Wapewe chakula wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili, basi. Samaki akifa aondolewe mara moja. Tumezoea kusema kuwa samaki mmoja akioza wameoza wote, na katika tangi jipya msemo huo ni kweli tupu, kwani mzoga mmoja mdogo hutoa amonia ya kutosha kuwamaliza waliosalia.

Na chujio likichafuka lisipelekwe mferejini. Lisuuzwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa katika tangi lenyewe, liminywe kidogo, lirudishwe. Ni afadhali liwe na weusi kidogo kuliko kung'aa na kufa.

Je, aliyekwisha kutia samaki na sasa anawaona wakitweta afanye nini? Asimwage maji yote. Aache kulisha kwa siku mbili tatu. Samaki mzima mwenye afya hafi njaa kwa muda huo. Kila siku abadilishe robo hadi nusu ya maji kwa maji yasiyo na klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangi. Aongeze hewa. Ikiwa tatizo ni nitriti, chumvi ya kawaida isiyozidi gramu moja kwa kila lita ya maji huwasaidia samaki wa dhahabu, kwa sababu kloridi iliyomo huizuia nitriti kupita kwenye matamvua. Kazi hii huweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Ni adhabu ya haraka, lakini huokoa uhai.

Mazingira yetu nayo yana mambo ambayo vitabu vya ng'ambo havitaji. Mkazi wa Mombasa hana haja ya kupasha maji moto, ila akumbuke kwamba katika maji yenye joto na yenye ualkali, kama yale ya visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali yake ya sumu kali. Mkazi wa Nairobi, ambako usiku wa Julai husababisha watu kutafuta mablanketi, asinunue samaki wa nchi zenye joto bila kifaa cha kupasha maji. Samaki wa dhahabu huvumilia baridi hiyo, lakini wao hukua na hawatoshei katika bakuli. Wapo wanaofikia sentimita 30, na wakitunzwa huishi miaka zaidi ya kumi. Halafu kuna umeme wetu unaopotea bila hodi. Ukikatika kwa saa nyingi, bakteria walio ndani ya chujio lililofungwa huishiwa na oksijeni. Chujio litolewe, liachwe wazi ndani ya maji ya tangi, maji yakorogwe kwa mkono mara kwa mara, na mtu asilishe hadi umeme utakaporejea.

Najua wapo watakaoniuliza: kelele yote hii ya nini, ilhali samaki ni samaki, na jioni hii hii tutamla kwa ugali? Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na haina nguvu kama inavyodhaniwa. Mvuvi wa Ziwa Victoria amuuaye ngege hufanya hivyo ili watu wale, na kifo chenyewe hakicheleweshwi kwa siku kumi. Aliyemweka kiumbe ndani ya kioo ili amtazame, akamfungia njia zote za kukimbilia, amejitwika dhamana ambayo mvuvi hana. Ng'ombe tunamchinja, lakini hakuna mfugaji wa heshima anayemfungia zizini na kumwacha azame katika kinyesi chake.

Wengine watasema kuwa katika miji yenye mgao wa maji, kuyafuga maji kwa ajili ya samaki ni anasa. Hoja hii ina uzito zaidi, nami siipuuzi. Lakini hesabu ifanywe. Tangi la lita 60 likibadilishwa robo ya maji yake kwa wiki ni lita 15, chini ya mtungi mmoja wa lita 20. Na maji hayo hayamwagwi bure. Yale yaliyojaa nitrati ndiyo mbolea ipendwayo na sukuma wiki. Isitoshe, anayefuata utaratibu hutumia maji machache kuliko nilivyotumia mimi nikilimwaga tangi zima kwa hofu. Ambaye hawezi kupata hata mtungi huo kwa wiki asifuge samaki, wala si aibu kutofuga.

Wauzaji nao wana hoja yao. Wakimwambia mteja arudi baada ya wiki tano, atakwenda duka la pili. Ni kweli, na kodi ya duka haingoji bakteria. Lakini mteja ambaye samaki wake wote wamekufa harudi tena kabisa, kama ambavyo mimi sikurudi. Mteja aliyefaulu hurudi kila mwezi kununua chakula, dawa ya klorini, mimea, na hatimaye tangi kubwa zaidi. Muuzaji mwenye busara anaweza kuuza tangi leo pamoja na kipande cha sponji kutoka katika chujio lake, akampa mnunuzi karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, na kumwekea samaki aliowachagua hadi maji yakomae. Kwa hili halipotezi soko, bali analijenga.

Kuna pia jambo linalovuka mlango wa sebule. Samaki wengi wa mapambo wa maji yasiyo ya chumvi huzalishwa na wafugaji, lakini wengi wa wale wa baharini hukamatwa wakiwa hai kwenye miamba ya matumbawe, ikiwemo ya pwani yetu, ambako samaki wa rangi za kupendeza wamekuwa wakivuliwa kwa miaka mingi na kusafirishwa ng'ambo. Kila anayekufa katika tangi lisilokomaa, liwe la hoteli au la nyumba ya Ulaya, pengo lake hujazwa na mwingine kutoka mwambani. Haraka ya mnunuzi humgharimu mvuvi wa kesho wa Shimoni.

Hata wafugaji wa samaki wa chakula hawajatoka katika somo hili. Mwishoni mwa mwaka 2022, wafugaji wanaotumia vizimba upande wa Kenya wa Ziwa Victoria walipata hasara kubwa samaki walipokufa kwa wingi, na upungufu wa oksijeni majini ukatajwa kuwa sababu. Chanzo kilikuwa tofauti na cha tangi langu, lakini fundisho ni lile lile: kinachoua samaki mara nyingi hakionekani kwa macho, na macho ya mfugaji pekee hayatoshi bila kipimo.

Kwa hiyo natoa rai zangu. Kwanza, wauzaji wawe na desturi ya kutouza tangi jipya na samaki wake kwa siku moja. Wakishindwa kujiwekea desturi hiyo wenyewe, serikali za kaunti zinazowapa leseni ziiweke kuwa sharti. Hili si wazo la ajabu. Jiji la Rome mwaka 2005 lilipiga marufuku bakuli za mviringo za kufugia samaki wa dhahabu, wala dunia haikupasuka. Pili, walimu wa sayansi walitumie tangi kama darasa. Tangi tupu la wiki tano, lenye kupimwa kila baada ya siku mbili na matokeo kuchorwa ukutani, litamfunza mtoto habari za naitrojeni kuliko kurasa nyingi za kukariri. Tatu, sisi wazazi tuache kuwapa watoto viumbe hai kama zawadi za ghafla. Zawadi ya kweli ni kungoja pamoja nao.

Mimi nilijaribu tena. Nililiteremsha tangi kutoka kabatini, nikamwomba yule mzee kipande cha sponji, nikakisafirisha kutoka Mombasa kikiwa kimelowa ndani ya mkebe wenye maji kidogo na hewa nyingi. Binti yangu alifungua daftari, akawa anapima na kuandika. Kwa majuma manne wageni waliokuja nyumbani walituuliza kwa nini tunalitazama tangi lisilo na kitu. Yeye ndiye aliyewajibu, tena kwa fahari, kwamba halikuwa tupu hata kidogo.

Juma la tano alikuja ofisini kwangu, chumba kidogo nyuma ya jikoni, akaniwekea daftari mezani. Amonia sufuri. Nitriti sufuri. Tulinunua samaki watatu wembamba wenye milia ya buluu waitwao danio, ambao asili yao ni vijito vya Bara Hindi na ambao huvumilia baridi ya Nairobi, na baada ya wiki tatu tukawaongezea wenzao watatu. Watano kati ya hao sita wangali hai. Wa sita aliruka nje usiku mmoja tulipolisahau tangi wazi, na kosa hilo nalo limeandikwa daftarini, kwa mwandiko wa mtoto, pamoja na tarehe.

Majina ya wale wanane wa kwanza bado yako ukutani. Nilitaka kuyabandua, akanikatalia. Nami nimeona ana haki. Aliniuliza tuliwafanyia nini, na sasa analijua jibu: hatukuwangojea.